Ngome ya Stirling: Nyumba ya wafalme iliyotenganisha mama na mtoto

Ukiwa na mtoto mdogo na kazi ikakuita mbali, jambo la kwanza kukuumiza kichwa si viza wala tiketi. Ni nani atabaki na mtoto.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kwenda Uskoti kwa wiki tatu, kwenye mafunzo mafupi ya uandishi wa habari za afya. Mwanangu alikuwa na miezi 14 na bado alikuwa ananyonya. Nilikaribia kuikataa nafasi hiyo. Mama yangu ndiye aliyenizuia. Alikuja Dar es Salaam kutoka Morogoro na begi lake, akalitua sebuleni, akaniambia: “Nenda mwanangu. Nimekulea wewe, huyu atanishinda nini?”

Nikaondoka na pampu ya kukamulia maziwa kwenye begi la mkononi na mzigo mwingine moyoni ambao hakuna mzani wa uwanja wa ndege unaoupima.

Jumamosi ya wiki ya pili hatukuwa na darasa. Wenzangu walikwenda madukani. Mimi nilipanda treni kutoka Edinburgh kwenda Stirling, safari ya takribani saa moja, kuiangalia ngome ambayo kila mtu alikuwa ananiambia nisiikose. Nilitaka tu kutembea nichoke, usiku nipate usingizi. Sikujua kwamba ninakwenda kwenye nyumba ambamo malkia mmoja baada ya mwingine alitenganishwa na mtoto wake.

Mwamba, mto na daraja

Stirling ni mji mdogo. Ukitoka stesheni unapanda kilima kwa mitaa ya mawe, unalipita kanisa la kale liitwalo Holy Rude, na mbele yako inasimama ngome. Imejengwa juu ya mwamba wenye asili ya volkano, na pande zake tatu zimekatika kama ukuta. Ukisimama kwenye kingo zake unauona mto Forth ukijipinda bondeni, na ng’ambo yake mnara wa kumbukumbu ya William Wallace, uliokamilika mwaka 1869.

Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa ajili ya mandhari. Kwa karne nyingi, mtu aliyetaka kutoka kusini kwenda kaskazini mwa Uskoti na jeshi lake alilazimika kupita hapa. Upande wa baharini mto ulikuwa mpana mno kujengewa daraja, na upande wa bara kulikuwa na vinamasi. Aliyeshika mwamba huu alishika mlango wa nchi.

Ndiyo maana damu nyingi ilimwagika chini yake. Septemba 11, 1297, Wallace na mwenzake Andrew Moray waliwashinda Waingereza kwenye daraja la Stirling. Juni 1314, mfalme Robert Bruce aliwashinda tena pale Bannockburn, karibu kabisa na ngome. Baada ya ushindi huo Bruce aliamuru kuta za ngome zibomolewe, ili adui akirudi asipate pa kujificha. Kwa hiyo majengo mengi makubwa unayoyaona leo ni ya baadaye, yaliyojengwa kati ya miaka ya 1490 na 1600.

Kuna kisa kimoja cha hapo ambacho watoto wote hukipenda. Mwaka 1507, mtu mmoja aliyeitwa John Damian, aliyekuwa akigharamiwa na mfalme James wa Nne ili atengeneze dhahabu kutokana na madini ya kawaida, alijifunga mabawa ya manyoya na kuruka kutoka kwenye kuta za ngome. Alisema anaelekea Ufaransa. Alianguka hapo chini na kuvunjika paja. Askofu John Lesley, aliyeandika habari hizo, anasema Damian alijitetea kwamba kosa lilikuwa la manyoya: mengine yalikuwa ya kuku, na kuku mahali pake ni jaani, si angani.

Ukumbi wa rangi ya dhahabu

Ukiingia uwanja wa ndani, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye Ukumbi Mkubwa. Majengo mengine yana rangi ya mawe, kijivu na hudhurungi. Huu umepakwa chokaa ya rangi ya njano iliyokolea, kiasi kwamba hata siku ya mawingu unaonekana kama umepigwa na jua.

Ukumbi huu ulijengwa na James wa Nne na ulikamilika kama mwaka 1503. Una urefu wa mita 42, meko makubwa matano, na paa la magogo ya mwaloni yaliyounganishwa kama mbavu za jahazi lililopinduliwa. Ulijengwa kwa ajili ya karamu, na mfalme alikaa jukwaani upande mmoja, aonekane na wote.

Lakini kwa muda mrefu mtu asingeutambua. Wafalme walipohamia London, ngome ikabaki mikononi mwa jeshi. Mwishoni mwa karne ya 18 wanajeshi waliugawa ukumbi kwa ghorofa na kuta, ukawa mabweni ya askari. Paa la zamani likaondolewa. Jeshi liliondoka mwaka 1964, ndipo kazi ya kuurudisha ikaanza: kuvunja ghorofa, kuziba milango iliyotobolewa ovyo, kuchonga paa jipya la mwaloni kwa ufundi wa zamani. Kazi ilichukua zaidi ya miaka 30, na Malkia Elizabeth wa Pili aliufungua ukumbi Novemba 30, 1999.

Ile rangi ilizua maneno. Watu wa Stirling walikuwa wamezoea ngome ya kijivu tangu utoto wao, wakaona wameharibiwa mandhari. Mafundi walijibu kwamba chokaa ndiyo iliyokuwepo mwanzo, na kijivu kilikuja baada ya kuachwa bila matunzo. Anayeijua Bagamoyo au Mji Mkongwe wa Zanzibar anaelewa kazi ya chokaa: humlinda ukuta na mvua na kumwacha apumue. Kumbe tunachokiita “cha asili” wakati mwingine ni kile tu tulichokikuta.

Kasri ndani ya ngome

Ng’ambo ya uwanja kuna kasri la mfalme James wa Tano, mtoto wa James wa Nne. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote.

James wa Tano alioa mwanamke wa Kifaransa, Mary wa Guise, mwaka 1538. Alitaka kumwonyesha bibi harusi na Ulaya nzima kwamba Uskoti haiko nyuma. Akaanza kujenga kasri la mtindo mpya wa wakati huo, lenye sanamu zilizopangwa ukutani nje. Kuna sanamu ya mfalme mwenyewe na ndevu zake, na kuna sanamu ya shetani pia. Ndani, vyumba vimezunguka uwanja mdogo uitwao Tundu la Simba, ambako inasemekana mfalme alifuga simba.

Mpangilio wake ni rahisi kuuelewa. Mfalme ana vyumba vitatu vinavyofuatana: ukumbi wa nje, ukumbi wa ndani, na chumba cha kulala. Malkia naye ana vitatu vya namna hiyo. Kila mlango ulikuwa kipimo cha cheo. Mtu wa kawaida aliishia ukumbi wa nje. Mkubwa kidogo aliingia wa pili. Chumba cha kulala kiliingiwa na wachache sana.

Kasri hili nalo lilichakazwa na miaka ya jeshi. Dari ya ukumbi wa ndani wa mfalme ilikuwa imepambwa kwa mbao za mviringo za mwaloni, kila moja ikiwa na upana wa kama mita moja, zilizochongwa vichwa vya wafalme, malkia, watawala wa Roma na shujaa Hercules. Mwaka 1777 zikateremshwa, nyingine zikasambaa. Zaidi ya 30 zimesalia na zinaonyeshwa leo kwenye chumba chao ndani ya ngome. Ili dari ipate sura yake tena, fundi mchongaji John Donaldson alichonga upya vichwa 37, kazi ya miaka kadhaa, kisha vikapakwa rangi kali: nyekundu, buluu, kijani, dhahabu. Matengenezo ya kasri yaligharimu pauni milioni 12, na watu walianza kuingia Juni 2011.

Vyumba vya malkia ndivyo vilivyojaa zaidi. Ukutani wametundika vitambaa vizito vilivyofumwa kwa mkono, saba kwa jumla, vinavyosimulia uwindaji wa farasi mwenye pembe moja, mnyama wa hadithi ambaye ni alama ya Uskoti. Orodha za mali za James wa Tano zinataja vitambaa vya namna hiyo. Vya kwake havipo tena, kwa hiyo wafumaji walifuma vipya kwa kufuata vile vilivyohifadhiwa New York. Iliwachukua miaka 13.

Vyumba vya mfalme, kinyume chake, vina samani chache. Kuna sababu. James wa Tano alifariki Desemba 1542, kasri lake likiwa halijamalizika. Waliolirudisha waliamua lionekane kama lilivyokuwa miaka ya 1540, wakati mwenye nyumba alikuwa mjane, Mary wa Guise.

Kipande cha kamba

Nilikuwa kwenye chumba cha kulala cha malkia, mbele ya kitanda chenye mapazia, maziwa yalipoanza kunivuja. Ilikuwa imepita saa tano tangu nilipokamua. Wanaonyonyesha wanaijua hali hiyo: kifua kinakaza kama jiwe, nawe uko katikati ya watu. Nikafunga koti, nikatafuta chumba cha kubadilishia watoto nepi, nikakaa humo na pampu yangu dakika 20. Maziwa yale niliyamwaga kwenye sinki. Nililia kidogo, sitaficha.

Kisha nikaenda dukani kwao kununua chai, na nikafungua kitabu kinachomhusu Mary wa Guise. Humo nikakuta jambo ambalo sikulitarajia.

Mary hakuja Uskoti akiwa binti asiye na mtoto. Alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto wa kiume, François, aliyezaliwa Oktoba 1535. Mtoto huyo alikuwa mrithi wa cheo na ardhi za baba yake Ufaransa, hivyo hakuweza kuondoka. Mary alipopanda meli mwaka 1538 kuja kuolewa, François alikuwa na miaka miwili. Alimwacha kwa bibi yake mzaa mama, Antoinette de Bourbon.

Bibi alikuwa akiandika barua: mtoto anaendeleaje, anakula, amekua. Na siku moja mtoto mwenyewe alimtumia mama yake kipande cha kamba. Urefu wa kamba ile ulikuwa urefu wake, ili mama ajue amefika wapi.

Nilisimama na kitabu kile mkononi. Niliona mwanamke wa miaka 20 na kitu, kwenye kasri lenye dari ya dhahabu, amepokea kamba. Bila shaka aliinyoosha. Bila shaka aliiweka sambamba na kitu fulani: meza, mguu wa kitanda, nguo yake, aone kichwa cha mwanawe kinafika wapi.

Yaliyomkuta Uskoti hayakuwa mepesi zaidi. Alimzalia James wa Tano watoto wawili wa kiume, na wote wawili walikufa Aprili 1541, mmoja akiwa hajatimiza mwaka, mwingine akiwa na siku chache tu. Hao walikuwa watoto wa mfalme, wenye waganga na watumishi. Sisi tunaopeleka watoto kliniki na kulalamika foleni ni ndefu, tuukumbuke mwaka huo.

Desemba 8, 1542 alizaliwa binti, Mary. Siku sita baadaye baba yake alifariki na kichanga kile kikawa malkia wa Waskoti. Mama alimhamishia Stirling kwa usalama wake, nyuma ya kuta nene, kwa sababu mfalme wa Uingereza alimtaka mtoto kwa ajili ya mwanawe. Septemba 9, 1543, akiwa na miezi tisa, Mary alivishwa taji katika ngome hii. Miezi tisa. Ni umri ambao mtoto anajifunza kukaa na kutambaa, na kila kitu anachopewa anakipeleka mdomoni.

Alipofika miaka mitano, vita vikazidi, akapelekwa Ufaransa mwaka 1548. Mama alibaki kulinda ufalme. Kwa mara ya pili Mary wa Guise akawa mama wa mtoto aliye ng’ambo ya bahari.

Alifanikiwa kwenda Ufaransa mwaka 1550. François wake, aliyemwacha na miaka miwili, alikuwa anakaribia miaka 15. Walikaa pamoja mwaka mmoja. Septemba 1551, mama akiwa bado hapo, kijana aliugua na kufariki.

Mtoto mwingine, mlango uleule

Ungedhani ngome imekwisha kushiba. Haikuwa hivyo.

Yule malkia mdogo alikua, akarudi Uskoti, akaolewa, na Juni 1566 akajifungua mtoto wa kiume, James. Alimbatiza hapa Stirling Desemba mwaka huo kwa karamu ya siku kadhaa. Kuna jambo dogo la ubatizo huo nililolipenda. Desturi ya zamani ya kanisa ilikuwa padri kumpaka mtoto mate. Mary alikataa. James mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, aliandika kwamba mama yake hakutaka padri mwenye maradhi amtemee mwanawe mdomoni. Mwaka 1566 hakuna aliyejua vijidudu ni nini, lakini mama alijua hataki. Kila tunapoandika kuhusu wageni wanaobusu vichanga mdomoni, nitamkumbuka.

Kama ilivyokuwa kawaida ya kifalme, mtoto alinyonyeshwa na mwanamke mwingine na kulelewa Stirling chini ya familia ya Erskine, wenye cheo cha Mar, waliokuwa walinzi wa warithi wa ufalme. Aprili 1567 mama yake alikuja kumtembelea. Alikuwa na miezi 10. Mary alipoondoka, alikamatwa njiani na mtu mwenye nguvu aitwaye Bothwell, na mambo yake yote yakaporomoka kuanzia hapo. Julai alilazimishwa kuacha ufalme. Siku chache baadaye, Julai 29, James alivishwa taji katika lile kanisa la Holy Rude nililolipita asubuhi, akiwa na miezi 13.

Mary alikimbilia Uingereza mwaka 1568, akafungwa kwa karibu miaka 19, akauawa Februari 1587. Mwanawe hakumwona tena baada ya ile ziara ya Aprili.

James wa Sita alikulia ndani ya kuta hizi bila baba wala mama. Mwalimu wake, George Buchanan, alikuwa msomi mkubwa na mkali, naye hakusita kumchapa mfalme. Alimfundisha Kilatini na Kigiriki barabara. Septemba 1571, James akiwa na miaka mitano, babu yake aliyekuwa msimamizi wa ufalme alipigwa risasi mjini na kuletwa ngomeni akifa. Mtoto alikuwepo.

Sasa, mtu aliyekulia hivyo angemfanyia nini mwanawe? Hili ndilo lililonisumbua zaidi kwenye treni wakati wa kurudi.

Mke wake, Anne wa Denmark, alijifungua mtoto wa kwanza, Henry, ndani ya ngome hii Februari 1594. James alifurahi mno. Alibomoa kanisa la zamani la ngome na kujenga jipya kwa miezi michache tu ili mtoto abatizwe humo. Kanisa hilo bado lipo, lina madirisha yenye matao ya nusu duara yaliyopangwa mawili mawili. Kwenye karamu, samaki waliletwa ukumbini ndani ya merikebu ya kutengenezwa iliyopiga mizinga. Taarifa ya sherehe iliyochapishwa wakati huo inasema gari la vitamutamu lilipangwa kuvutwa na simba, lakini ikahofiwa atawatisha wageni. Badala yake lilivutwa na mtu Mweusi. Taarifa haikumtaja jina. Nilisimama katika ukumbi ule nikimfikiria huyo naye, na mama yake popote alipokuwa.

Baada ya sherehe, James alimkabidhi Henry kwa familia ileile ya Mar, katika ngome ileile. Anne alipinga kwa miaka. Mwaka 1595 mfalme alimwandikia mlinzi kwamba asimtoe mtoto kwa yeyote, hata kwa malkia, mpaka asikie amri kutoka kinywani mwake. Yeye aliona analinda uhai wa mwanawe. Huo ndio ulinzi pekee aliofundishwa.

Mwaka 1603 James alirithi kiti cha Uingereza na kwenda London. Anne, akiwa mjamzito, alikuja Stirling kumchukua mwanawe wa miaka tisa. Wakamkatalia. Akaugua hapohapo, na mimba ikaharibika. Baada ya hapo ndipo mfalme akakubali, na Anne akaondoka na Henry kwenda Uingereza. Alikaa naye miaka tisa. Novemba 1612, akiwa na miaka 18, Henry alifariki kwa homa ambayo wataalamu wengi leo wanadhani ilikuwa homa ya matumbo.

Ukienda na watoto

Nisiwape picha kwamba ngome hii ni mahali pa majonzi. Ni mahali pazuri mno kwa familia. Katika vyumba vya kasri wapo watu waliovaa mavazi ya zama hizo, wanakueleza habari kana kwamba malkia yuko chumba cha pili. Chini ya kasri kuna vyumba vya watoto wachezee, wavae nguo za kifalme, wajaribu ala za muziki. Jiko kubwa limepangwa na sanamu za wapishi katikati ya kazi.

Kwa wanaopenda mpira: juu ya dari ya kasri hili ulikutwa mpira wa ngozi wenye kibofu cha nguruwe ndani, wa miaka ya 1540. Unatajwa kuwa mpira wa miguu mkongwe kuliko yote iliyosalia duniani, na umehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smith, mjini Stirling. Kumbe hata penye dari za dhahabu palikuwa na mtu aliyepiga mpira ndani ya nyumba na kuupoteza juu.

Niliporudi

Jioni ile nilimpigia mama. Nyumbani ilikuwa usiku, mtoto amelala. Nikamwambia: “Mama, kesho mpime mtoto kwa uzi, kuanzia kisigino mpaka utosini. Uukate, uniwekee.”

Akacheka. “Unataka kumshonea suruali?”

“Hapana mama. Wewe nipimie tu.”

Sitawadanganya wazazi wenzangu kwamba nilirudi shujaa. Mwanangu aliponiona alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Iliniuma. Mama akanizuia nisimvute. “Muache, atakuja mwenyewe.” Alikuja baada ya nusu saa, akanishika sikio, kisha akataka kunyonya. Maziwa yalikuwepo, kwa sababu nilikuwa nikikamua kila baada ya saa tatu au nne, hata siku nilipochoka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye mpaka miaka miwili na zaidi, na safari ya wiki chache si lazima iwe mwisho.

Kama nawe kazi itakuita, nina machache ya kukuambia. Muage mtoto, hata kama atalia. Ukimtoroka atajifunza kwamba mama hupotea ghafla. Mwachie mlezi kadi ya kliniki na mwonyeshe tarehe ya chanjo inayofuata. Ya pili ya surua na rubella hapa kwetu ni miezi 18. Piga simu saa ileile kila siku, na muache mtoto asikie sauti hata kama haangalii kioo. Na mlezi akikushauri jambo, msikilize; kwa siku hizo yeye ndiye anayemjua mtoto kuliko wewe.

Zaidi ya hayo, mshukuru anayebaki. Katika habari zote za Stirling, sikumkuta mtu aliyenigusa kama yule bibi wa Ufaransa, aliyeandika barua ili mama wa mbali asipitwe.

Uzi ninao. Siku ya pili baada ya kurudi nilimsimamisha mwanangu ukutani, nikaushika kando yake. Mtoto wa umri wake hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na zilikuwa zimepita siku tisa tu tangu bibi yake ampime. Alikuwa ameuzidi uzi kwa upana wa punje ya mchele.

Mary wa Guise alikosa miaka 12.